Mawe ya miti yanayouzwa barabarani Holbrook, Arizona yanatoka wapi, kama hifadhini huruhusiwi kuokota hata kokoto?

#1 Mgosi wa Phoenix
Wakuu salaam.

Jumamosi tulitoka Phoenix alfajiri, mimi, mama watoto, watoto, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tukapandisha na barabara ya 87 kupitia Payson, tukashukia Holbrook, halafu tukaingia Petrified Forest kwa geti la kusini. Kwa msiopajua, ni hifadhi ya taifa kaskazini-mashariki mwa Arizona. Jangwa tupu, upepo, na chini kumelala magogo ya miti yaliyogeuka jiwe. Gome unaliona, vifundo unaviona, mpaka ufa wa katikati upo. Unainama ukidhani utasikia harufu ya mbao, unagusa, baridi kabisa.

Getini tuliambiwa kuokota ni marufuku, hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Sawa. Tukaifuata barabara ya ndani, maili 28 hivi, mpaka geti la kaskazini, tukarudi Holbrook kula. Sasa pale mjini, na hata nje tu ya lile geti la kusini, maduka yamejaa mawe yale yale! Nje yamelundikwa kwenye vumbi yanauzwa kwa ratili. Ndani kuna mabamba yaliyosuguliwa yanang'aa, meza nzima nzima, saa za ukutani, vishikizo vya vitabu. Mama mkwe akanunua kipande cha dola 18. Nikamuuliza muuzaji kimetoka wapi, akajibu "ardhi ya mtu binafsi" bila kuinua macho kwenye simu.

Hoja yangu: hii ni biashara ya mali ya wizi na kila mtu anajua. Wajuzi karibuni.

#2 Kiti Moto Siachi
Nimekaa kiti cha mbele. Picha iko wapi lakini?

#3 Nyundo na Patasi
Mleta mada umekimbilia hukumu. Huo mstari wa hifadhi aliuchora binadamu mwaka 1906, wakati miti ilishafukiwa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Tabaka lenye magogo linaitwa Chinle, nalo limesambaa Arizona, Utah, New Mexico na kwingine. Hifadhi imezungushia kipande tu. Ukivuka waya ukaingia shamba la mfugaji, magogo ni yale yale na ni ya mwenye shamba. Akitaka kuyauza kwa ratili, anauza.

#4 Bint Pangani
Nyundo, "ardhi ya mtu binafsi" ni jibu ambalo hata mwizi angelitoa. Nani anaenda kukagua hilo shamba? Jiwe halina namba ya chesesi.

#5 Dereva wa I-40
Habari wadau. Mimi hiyo barabara kuu ya I-40 ndiyo mkate wangu, napita na lori kutoka California kwenda Albuquerque, na Holbrook nalala mara kwa mara. Ngoja niwape kitu ambacho Nyundo amekigusa juu juu.

Reli ilipopita huko miaka ya 1880, serikali iliipa kampuni ya reli ardhi kwa mtindo wa ubao wa drafti: kiraba kimoja cha kampuni, kinachofuata cha serikali, hivyo hivyo pande zote mbili za reli. Viraba vya kampuni vikauzwa kwa wafugaji. Ndiyo maana ramani ya maeneo yale mpaka leo ina viraka. Ukitembea hatua chache unakuwa umetoka ardhi ya mtu, umeingia ya jimbo, mara ya serikali kuu, mara ya taifa la Wanavajo, wenyeji asilia wa huko. Kwa hiyo Bint Pangani naye ana lake. Hata mwokotaji mwaminifu asiye na ramani anaweza kujikuta yuko kiraba kisicho chake.

#6 Mwalimu Mstaafu wa Mesa
Kwa faida ya watoto wanaosoma uzi huu: zama zile, Trias, pale palikuwa na mito mikubwa na joto lenye unyevu. Miti ilianguka, ikabebwa na maji, ikafukiwa kwenye matope yenye majivu ya volkano kabla haijaoza. Majivu yana silika. Maji ya ardhini yakaiyeyusha, yakaipenyeza ndani ya mbao, ikajenga kwazi, madini magumu ya silika, mahali pa mti. Kwazi safi haina rangi au huonekana nyeupe. Rangi inaletwa na uchafu: chuma kinatoa nyekundu, njano na kahawia, manganizi inatoa nyeusi na zambarau. Na kwa sababu kwazi ni ngumu lakini inavunjika ovyo, magogo hukatika yenyewe vipande vipande yanapoinuliwa na ardhi. Watalii wengi hudhani kuna mtu alipita na msumeno.

#7 Kiti Moto Siachi
Mwalimu, mimi siku zote nilijua Mhindi Mwekundu fulani aliyakata kujengea nyumba.

#8 Mwalimu Mstaafu wa Mesa
Walijengea kweli, ila hawakukata. Hapo hifadhini kuna Agate House, nyumba ya wenyeji wa kale iliyojengwa kwa vipande hivyo hivyo vilivyokwisha kukatika vyenyewe. Na hilo jina acha, ni Wahopi, Wazuni, Wanavajo, kila mmoja na lake.

#9 Bint Pangani
Turudi kwenye wizi. Kabla ya 1906 watu walikuwa wanasomba magogo kwa mabehewa. Kule kituo cha reli cha Adamana kililetwa hata kinu cha kuyasaga yawe unga wa kusugulia vyuma. Fikiria, mti wa miaka milioni 200 unasagwa uwe msasa! Wakazi ndio walioomba serikali izuie. Sasa mawe yote yale yaliyosombwa yalikwenda wapi? Yako kwenye makabati ya watu, yanarithiwa, yanauzwa. Mimi naamini sehemu ya mawe ya madukani ni hayo. Sheria haikuwepo yalipochukuliwa, kwa hiyo si wizi, lakini msiniambie ni ya mfugaji.

#10 Nyundo na Patasi
Marekebisho madogo kabla mtu hajanukuu vibaya. 1906 Rais Theodore Roosevelt alilitangaza kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa. Hifadhi ya taifa kamili ni 1962. Na mwaka 2004 Bunge la huko liliruhusu ipanuliwe mara mbili na zaidi, kwa kununua hayo hayo mashamba ya wafugaji. Maana yake kuna mawe yaliyochimbwa kihalali shamba la mtu, na leo lile shamba ni hifadhi. Hapo hoja ya "limetoka wapi" inakuwa ngumu zaidi kuliko mleta mada anavyodhani.

#11 Papa Lubumbashi
Jambo bandugu. Miye niko Tucson. Munabishana juu ya sheria, miye naogopa kitu ingine. Ile majiwe iko na mambo. Mu ile nyumba ya makumbusho ya kusini kuko barua za batu benye baliibaka. Banarudishaka majiwe na posta, banaandika: tangu tubebe hii jiwe, ndoa ilikufa, kazi ilipotea, mbwa ilikufa. Nilisoma na macho yangu. Bibi yangu akasema tutoke, hata choo hakutaka kuingia.

#12 Kiti Moto Siachi
Papa hata mimi ndoa ilikufa na sijawahi kufika Arizona.

#13 Dereva wa I-40
😂😂 Kiti Moto unatafuta pa kusingizia.

Lakini Papa hasemi uongo, barua zipo na nyingine zimewekwa kwenye kioo. Kinachosikitisha ni kwamba jiwe likirudishwa halirudi kwake. Hakuna anayejua lilikuwa kilima kipi, na ukilitupa popote unawavuruga watafiti. Kwa hiyo yanalundikwa pembeni sehemu moja. Mtu amelipa posta ya jiwe zito kutoka nchi nyingine akidhani linakwenda kupumzika nyumbani, kumbe linakwenda kwenye lundo.

#14 Mgosi wa Phoenix
Aisee Papa umeniletea balaa. Nilimsomea mama mkwe post #11. Amelitoa jiwe chumbani kwake, sasa liko kibarazani limefunikwa na ndoo. Anasema yeye amekulia karibu na mapango ya Amboni, anajua mahali penye wenyewe pakoje. Nikamwambia mama, hili tumelinunua na risiti ipo. Akaniuliza, "Na aliyekuuzia ana risiti ya nani?" Nikanyamaza.

#15 Bint Pangani
Mama mkwe apewe kiti changu. Swali lote la uzi huu amelimaliza kwa sentensi moja.

#16 Msomi wa Tempe
Nasoma hapa chuo kikuu cha Arizona State, kwa hiyo hii hadithi nimeikuta darasani. Profesa Robert Cialdini na wenzake walifanya jaribio ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Walitega vipande walivyovitia alama kwenye njia, wakabadilisha mabango. Bango lililosema wageni wengi waliopita wameiba mawe na kuiharibu hifadhi lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande. Bango lililomwomba tu mgeni asichukue, chini ya asilimia 2. Yaani ukimlilia mtu kwamba kila mtu anaiba, umemwambia kuiba ni kawaida.

Kwa hiyo mleta mada, uzi wako wa "kila mtu anajua ni wizi" unaweza kuwa unaongeza wezi. Natania. Kidogo.

#17 Nyundo na Patasi
Na ile habari iliyorudiwa miaka na miaka kwamba zinaibwa tani 12 kila mwaka, watu wa hifadhi wenyewe waliitilia shaka. Walichukua picha za zamani sana, wakasimama pale pale alipokuwa mpiga picha, wakalinganisha. Sehemu nyingi magogo yapo, hata vipande vidogo vipo vile vile. Kama zingeondoka tani hizo zote, leo pangekuwa uwanja wa mpira.

#18 Bint Pangani
Au walipiga picha sehemu zilizo mbali na maegesho. Mwizi hatembei maili mbili kwenye jua. Nenda Crystal Forest, jina lilitokana na vito vya kwazi vilivyokuwa ndani ya magogo. Tafuta kimoja uniletee. Vilishanyofolewa zamani, magogo mengine watu waliyalipua kabisa ili wavipate.

#19 Nyundo na Patasi
Hilo la Crystal Forest nakupa. Mengine sikupi.

#20 Fundi Saa
Wandugu mnazunguka mbuyu. Mimi ni mnunuzi wa mawe, nafanya vidani na pete. Nendeni kwenye hayo maduka mgeuze bamba kubwa lililosuguliwa, msome karatasi ya nyuma. Mengi yameandikwa Madagaska au Indonesia! Yale malundo ya nje, vipande vichafu vya kuuza kwa ratili, ndiyo ya pale pale Arizona. Lakini meza ya maelfu ya dola mara nyingi imevuka bahari. Miti iliyogeuka jiwe ipo nchi nyingi, na kule kazi ya kukata na kusugua ni nafuu kuliko hapa.

#21 Kiti Moto Siachi
Kwa hiyo mama mkwe ametoka Tanga, amevuka bahari mbili, kwenda jangwani Arizona kununua jiwe la Madagaska 😂😂😂 Mgosi kaangalie chini ya ndoo haraka.

#22 Mgosi wa Phoenix
Nimeangalia. Halina karatasi. Kuna kibandiko cha bei na nywele za paka.

#23 Mzee wa Marsabit
Salamu kutoka Minneapolis. Sasa nyinyi nyote mnaishi karibu na jangwa la watu mnasahau la kwenu. Sibiloi pale mashariki mwa Ziwa Turkana kuna magogo ya jiwe vilevile, na hifadhi ni ya tangu 1973. Nimetembea hapo nikiwa kijana. Hakuna foleni, hakuna duka la saa za ukutani, na barabara yenyewe ni kutoka Marsabit kukatisha Chalbi mpaka North Horr na kuendelea. Ukikwama Chalbi wakati wa mvua, utasubiri ikauke, hakuna wa kumpigia. Dukani North Horr utapata chai, betri, na soda ya moto. Hiyo ndiyo safari ya jangwa bana, si hii ya kununua barafu kila kona.

#24 Dereva wa I-40
Mzee nakuheshimu lakini uwe na huruma, kuna watu humu wana watoto wadogo ndani ya gari. Kila kona kuwa na barafu ni baraka.

#25 Mama Nadia
Samahani naingilia. Mimi sina haja ya mawe, nauliza kama siku moja inatosha kutoka Phoenix na kurudi, maana tunapanga mwezi wa sita.

#26 Dereva wa I-40
Mama Nadia inatosha ila ni siku ndefu. Kwenda tu ni zaidi ya saa tatu. Ingia kwa kusini kama Mgosi, watoto wakiwa na nguvu watembee Giant Logs, ipo nyuma ya makumbusho. Halafu Blue Mesa, hapo usipite na gari tu. Shukeni kwenye ile njia ya maili moja, vilima vya buluu na kijivu vyenye mistari, ardhi imepasuka kama imechemshwa. Malizia kaskazini kwenye Painted Desert jua likianza kulala, ndipo nyekundu inapotoka vizuri. Kiingilio dola 25 kwa gari, kinatumika siku 7.

Maji jazeni. Na msidanganywe na neno jangwa, pale ni zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mwezi wa sita jua linachoma, mwezi wa kwanza unaweza kukuta theluji juu ya magogo.

#27 Msomi wa Tempe
Nyongeza muhimu kwa Mama Nadia: SAA. Arizona haibadilishi saa majira ya joto, lakini eneo la Wanavajo linabadilisha, na Wahopi waliozungukwa na Wanavajo hawabadilishi. Hifadhi inafuata saa ya Arizona. Simu yako ikinasa mnara wa upande wa pili inaruka mbele saa nzima, mara inarudi. Geti linafungwa jioni na wanafunga kweli, wanapita wakiwatoa watu. Vaa saa ya mkono.

#28 Mama Nadia
Asanteni sana. Na maduka ya njiani, lipi la maana?

#29 Fundi Saa
Inategemea unataka nini. Kama ni kuangalia tu, Holbrook penyewe ni burudani. Kuna Wigwam Motel, vyumba vya zege vya umbo la hema, ya mwaka 1950, na magari ya zamani yameegeshwa mbele. Kuna dinosauri wa zege wamesimama nje ya duka la mawe, watoto watapenda. Ukielekea magharibi, Joseph City, kuna Jack Rabbit Trading Post, wana sungura mkubwa wa kupanda watoto wapigwe picha. Yote hayo ni mabaki ya Route 66, barabara kuu ya zamani. Barabara hiyo ilifutwa rasmi 1985 baada ya I-40 kuipita pembeni, biashara nyingi zikafa.

Kama ni vito vya fedha na feruzi, hapo macho yawe wazi. Duka moja, jina siandiki, liliniuzia "feruzi" ambayo nilipoifanyia kazi ikatoa rangi. Ilikuwa jiwe jeupe lililopakwa. Kuna sheria ya 1990 inayokataza kuuza kitu kama kazi ya wenyeji asilia wakati si yao, kwa hiyo muulize muuzaji aandike kwenye risiti jina la fundi na kabila lake. Mwenye kitu halali anaandika papo hapo. Mwenye mashaka anaanza hadithi ndefu.

#30 Mwalimu Mstaafu wa Mesa
Kuhusu dinosauri wa zege: wajukuu wangu walitoka pale wakiamini Tirex, yule dinosauri mkubwa mla nyama, aliishi kwenye msitu ule. Hapana. Kati ya magogo yale na Tirex kuna takriban miaka milioni 150. Waliokuwepo ni dinosauri wadogo wadogo kama Coelophysis, na wababe wa mtoni walikuwa faitosauri, wenye sura ya mamba ila si mamba.

#31 Kiti Moto Siachi
Mwalimu unaua biashara za watu.

#32 Papa Lubumbashi
Miye kwa chakula: pale kando ya barabara bamama ba Navajo banauzishaka mukate ya kukaanga, kubwa sawa sahani, banaweka maharagi na nyama juu. Ile haina laana 😄 Kula.

#33 Bint Pangani
Papa huo mkate nimeula, ni andazi lililosahau iliki. Mzuri lakini. Historia yake si nzuri, ulitokana na mgao wa unga na mafuta waliopewa na serikali baada ya kuhamishwa kwa nguvu miaka ya 1860.

Na sijasahau hoja yangu ya #4. Hakuna aliyenijibu nani anakagua.

#34 Nyundo na Patasi
Jibu lipo ila hutalipenda. Ardhi ya serikali kuu iliyo chini ya BLM, idara inayosimamia ardhi ya umma, nje ya hifadhi na nje ya sehemu zilizofungwa, mtu anaruhusiwa kuokota ratili 25 na kipande kimoja kwa siku, isizidi ratili 250 kwa mwaka, kwa matumizi yake mwenyewe. Kuuza hairuhusiwi. Ardhi ya jimbo na ya Wanavajo ni habari nyingine, bila kibali usiguse. Kwa hiyo duka linalojiheshimu linabaki na mfugaji tu, na wenye biashara za miaka mingi wana mikataba na wafugaji wanaojulikana. Kuiba hifadhini kipande kwa kipande ni kazi kubwa kwa faida ndogo wakati shambani wanachimba kwa mashine.

#35 Bint Pangani
"Duka linalojiheshimu." Haya.

#36 Fundi Saa
Kwa uzoefu wangu wa kununua, bei ndiyo inasema. Kipande cha Arizona chenye rangi kali kikiuzwa rahisi kupita kiasi, mimi naondoka. Ila mteja wa mara moja hawezi kujua bei gani ni ya kupita kiasi, hapo Bint yuko sahihi.

#37 Mama Nadia
Mmenifanya niogope hata kununua sumaku ya friji. Tukitoka huko tukapitie na ile Meteor Crater au ni mbali?

#38 Dereva wa I-40
Iko njiani ukirudi kwa Flagstaff, magharibi ya Winslow. Shimo la kimondo la miaka 50,000 hivi, upana zaidi ya kilomita moja. Si hifadhi ya taifa, ni mali ya familia, kwa hiyo pasi ya hifadhi haifanyi kazi na kiingilio kimechangamka.

#39 Kiti Moto Siachi
Nilienda. Ni shimo.

#40 Mzee wa Marsabit
Shimo la bure lipo Marsabit, Gof Choba, ukitoka mjini kwenda Moyale unalipita kando ya lami. La volkano, lakini shimo ni shimo.

#41 Mwalimu Mstaafu wa Mesa
Shimo si shimo, Mzee! Wanaanga wa Apollo walipelekwa kufanyia mazoezi hapo Arizona kwa sababu ni la kimondo. Fungueni uzi wake nije.